Wiki Niliyoitwa Mama Thureya

Wifi yangu Mwanamkuu aliingia nyumbani kwangu bila hodi, akavua viatu, akajitupa kwenye kiti cha mume wangu na kuniambia, "Kuanzia leo mpaka harusi iishe, wewe ni Mama Thureya."

Nilikuwa nachambua mchele. Nikamwuliza, "Na Mama Raiya kafa lini? Maana sikusikia tangazo msikitini."

"Radhia, usinianze asubuhi."

"Wewe ndiye uliyeanza. Mimi nilikuwa na mchele wangu."

Ngoja nieleze, maana asiye wa huku atadhani tunagombana bure. Mimi ni mtu wa Malindi, mjini, na kwetu mwanamke akishazaa, jina alilopewa na babake linabaki kwenye kitambulisho. Mtaani anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mtoto wangu wa kwanza ni Raiya, Thureya akafuata. Basi tangu nikiwa msichana mwenye kiuno mimi ni Mama Raiya, kwa muuza mboga, kwa imamu, kwa madereva wa tuktuk, hata kwa mamangu aliyenizaa. Hilo Radhia wananiitia mume wangu Salmin akiwa na homa, na wifi yangu akiwa na shari.

Raiya ana akili zake, ila zinakwenda mwendo wao. Ni mwanamke mzima sasa, lakini hesabu hazimkai, herufi anazozijua ni chache na hizo chache hazipendi, na ukimtuma mambo mawili kwa pamoja atafanya la pili na kulinunia la kwanza. Alipokuwa mdogo daktari alitupa jina la hali yake, refu, la Kizungu, nikalisahau kabla hatujafika kituo cha gari. Anachokijua lakini anakijua barabara, na zaidi ya yote anajua adabu. Mtu aliye mdogo kwake hapiti mlango wa nyumba hii bila kumpa shikamoo. Siku moja fundi wa bomba alimwambia "mambo vipi," akaachwa nje juani na mabomba yake mpaka akajifunza.

Sasa Thureya alikuwa ameposwa. Mchumba ni Swafwan, kijana wa Mambrui, fundi wa majokofu, mpole, anajua kuangalia chini mbele ya wakubwa. Mambo yote ya posa aliyasimamia Mwanamkuu, maana yeye ni dada mkubwa wa mume wangu na katika ukoo huu hakuna kinachochemka bila yeye kufunua kifuniko.

"Niliwaambia Thureya ndiye mkubwa," akasema, akijipepea kwa mtandio.

"Uliwaambia uongo."

"Niliwaambia kinachofaa. Umesahau wale wa Mtwapa?"

Hapo alinipata. Wale wa Mtwapa walikuja mwaka juzi kumwangalia Thureya. Walikula sambusa zangu zote, wakasifu nyumba, wakasifu mapazia. Raiya akatoka chumbani akawasalimia mmoja mmoja kwa kuwashika mikono yote miwili, akawauliza kila mmoja mamake hajambo. Waliondoka na hawakurudi, wala hawakuleta neno. Baadaye tukasikia wamesema kitu kile kimo kwenye damu, na Thureya naye atazaa hivyo hivyo. Mwanangu alikonda. Raiya alikuwa akimpelekea maji ya kunywa kitandani, hajui analilia nini.

"Harusi hii ikivunjika," akasema Mwanamkuu, "usinitazame mimi."

Nilitaka kumtia ule ungo wa mchele kichwani. Lakini nilimfikiria Thureya, nikameza. "Jina nimekubali," nikasema. "Wiki moja."

"Na Raiya tutampeleka Watamu, kwa yule rafiki yako Dorcas, mpaka watu waondoke."

"Hilo ondoa. Raiya akitoka nyumba hii siku ya harusi ya nduguye, mimi na yeye tunatoka pamoja, na wewe utafute mama mwingine wa bibi harusi. Pengine sokoni wapo."

Salmin, ambaye muda wote huo alikuwa mlangoni akijifanya anatafuta funguo zilizokuwa mkononi mwake, akakohoa. Mume wangu anauza vipuri vya tuktuk na haogopi mtu, isipokuwa dadake. Akasema kwa sauti ndogo, "Raiya atakaa chumbani na Thureya. Kule wakwe hawaingii, isipokuwa bwana harusi."

"Na mlango nitaulinda mimi mwenyewe," akasema Mwanamkuu. Hapo ndipo tulipoafikiana, ikiwa ni kuafikiana.

Alhamisi nilikwenda kwenye mkutano wetu. Ni wazazi tu, sisi tuliosomesha watoto wetu katika darasa maalumu la shule ya msingi. Watoto wamekuwa watu wazima lakini sisi hatujaacha kukutana, kwa sababu hakuna mahali pengine unapoweza kusema mwanao jana alikula sabuni na watu wakakuuliza ni ya aina gani. Dorcas ndiye mwenyekiti. Ni Mgiriama, mkulima, na mwanawe Menza ni jitu la miraba minne linaloogopa kuku. Tumepitia mengi pamoja. Mimi nilimnywesha Raiya makombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, ya kila mwalimu wa Malindi hata akawa anaomba yatiwe sukari. Yeye alimpeleka Menza kwenye maombi ya mkesha, mchungaji akamshika kichwa na kumwamuru pepo atoke, Menza naye akamshika mchungaji kichwa. Mpaka leo Dorcas akifika hapo hawezi kumaliza kwa kucheka. Na ukumbuke wakati ule alilia, nikamfuta kamasi kwa leso yangu mpya.

Nilipomweleza habari ya jina alinitazama kama aliyeambiwa nimehamia mwezini.

"Kwa hiyo nikuite nani?"

"Mama Thureya."

"Mama Thureya ni nani? Mimi simjui. Mimi nikiita hapa Mama Raiya, wewe utafanyaje?"

"Nitanyamaza."

"Wewe? Unyamaze?" Akawageukia wenzetu. "Jamani, harusi hiyo lazima tuende. Kuna miujiza."

Nikacheka nao, lakini njiani nikirudi moyo ulikuwa mzito. Nilihisi kama nimemvua mwanangu nguo mbele za watu naye hajui.

Mwanamkuu alifanya kazi, simnyimi haki yake. Alizunguka mtaa mzima akiwaonya watu. Muuza mboga akanisalimu, "Mama Rai... Thu... mama wa harusi, hujambo?" Mpishi wa pilau aliona taabu, akaamua kuniita "Ewe." Wanawake waliokuja kukata vitunguu walikuwa wakikosea na kujipiga midomo, wakikosea na kujipiga midomo, mpaka nikadhani kuna nzi.

Ikaja siku ya wakwe kuleta begi la bibi harusi. Walikuja wanawake wa Mambrui na vigelegele vyao, na begi limejaa leso, madira, manukato na viatu ambavyo Thureya hana mguu wa kuvivaa. Mbele yao alikuwa mama wa bwana harusi, Bi Rukiya, mwembamba, mpole, buibui lake limepigwa pasi likanyooka. Raiya alikuwa chumbani na Thureya, akikunja leso. Mimi nikawa namimina sharbati.

"Mama Thureya," akasema Bi Rukiya, "mashallah, nyumba yenu ina baridi nzuri."

Nikaendelea kumimina.

"Mama Thureya?"

Nikajiuliza huyo Mama Thureya mbona hajibu, hana adabu. Mwanamkuu akanifinya paja nikamwaga sharbati kwenye mkeka. Kabla sijafungua mdomo akamwinamia Bi Rukiya na kumnong'oneza, "Msamehe, mkwe. Masikio yake hayako sawa."

Nilimsikia, kwa masikio yangu hayo hayo. Haki ya Mungu, nilitaka kumzamisha ndani ya lile jagi! Haitoshi kumficha binti mwenye akili timamu za kwake, sasa mimi nimefanywa kiziwi. Lakini wageni walikuwa wameketi. Nikapiga moyo konde, nikachukua glasi na kumkaribisha mgeni wangu kwa heshima.

"Mama Swafwan, karibu sharbati."

Bi Rukiya alikuwa anaangalia pazia.

"Mama Swafwan?"

Bado pazia. Dadake aliyeketi pembeni akamsukuma kwa kiwiko, naye akashtuka, "Ehe! Ndiyo! Mimi!" Nikasema moyoni, lo, maskini, kumbe naye hasikii. Roho ikanilainika. Mtu mwenye shida yake ni mtu wa kusaidiwa, nikapaza sauti. "KARIBU SHARBATI, MAMA SWAFWAN!"

"AHSANTE, MAMA THUREYA!" akajibu, akinionyesha glasi kwa kidole ili nielewe.

"INA UKWAJU!"

"NAONA!"

Tukaendelea hivyo kutwa. Tulipofika kwenye habari za afya za wazee, jirani wa nyuma alikuja mbio na bakora ya mumewe, akidhani wakwe wanapigana. Kesho yake Bi Rukiya akaniletea chupa ya mafuta ya habasoda, nitie matone masikioni kila ninapolala. Nikaona ni mtu mwema. Nami nikampelekea ya kwangu, kubwa zaidi.

Siku ya harusi ikafika. Hema lilifungwa barabarani, tuktuk zikazuiwa, na Salmin akazunguka ndani ya kanzu mpya akiwauliza watu kama kila kitu kiko sawa na kuondoka kabla hawajamjibu. Dorcas alikuja na wazazi wetu wote wa Alhamisi, amevaa leso mpya, na kila akinipita ananiita "Mama Thureya" kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Nikaha ikafungwa msikitini, tukasikia takbiri, na ikawa sasa bwana harusi anakuja nyumbani kumpa mkono mkewe.

Kwetu bwana harusi haingii hivi hivi. Anakuta mlango wa chumba umefungwa na jamaa ya mke, anabembeleza, anatoa kifungua mlango, watu wanacheka, kisha anafunguliwa. Mlinzi alikuwa Mwanamkuu. Alikuwa amesimama pale tangu alasiri na dira lake la dhahabu, uso kama wa askari wa benki. Lakini mpishi wa pilau akamwita, ati nyama haitoshi, na Mwanamkuu hawezi kusikia habari ya chungu akatulia. Akaenda. Alipokuwa bado anamgombeza mpishi, vigelegele vikaanza barabarani, akakimbilia mbele kumpokea bwana harusi, akamwongoza mpaka mlangoni. Alipousukuma mlango, haukwenda. Ulikuwa umetiwa komeo kwa ndani.

Swafwan alikuwa amependeza, joho jeusi la nyuzi za dhahabu, kilemba, jambia kiunoni. Nyuma yake mamake na wanawake wa Mambrui. Akabisha. "Hodi!"

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Raiya.

"Bwana harusi!" wakajibu wanawake kwa furaha.

"Hapiti."

Wakacheka, wakaona ndiyo mila. Wakapitisha noti chini ya mlango. Noti zikarudi. Wakapitisha nyingine, nazo zikarudi, zimekunjwa vizuri. Kicheko kikapungua.

"Fungua, wewe!" Mwanamkuu akasema akiuma meno.

"Shangazi pia hapiti. Shangazi ana viatu."

Watu wakamtazama miguu. Alikuwa navyo kweli, vya visigino. Jasho likamteremka na wanja wake. Bi Rukiya akamgeukia na kuuliza kwa sauti yake ya kawaida, ya upole, "Ni nani huyo aliyemo ndani?"

Mwanamkuu akasema, "Ni msichana wa kazi tu, mkwe. Akili zake hazijatimia. Kesho namfukuza."

Sijui niseme nini kilichonipata. Miaka yote hiyo nimesikia mengi juu ya mwanangu, kwa majirani, kwa jamaa, kwenye foleni ya hospitali, nikajibu mengine, mengine nikayameza. Hili halikumezeka. Nilimwona Thureya wangu bila mume, niliwaona wale wa Mtwapa, niliona hema linafunguliwa na watu wanarudi na vyombo vyao, na bado halikumezeka.

"Si msichana wa kazi!" nikasema, na sauti yangu sasa walishaizoea lakini nadhani hii ilifika bandarini. "Huyo ni binti yangu Raiya. Ndiye mtoto wangu wa kwanza. Thureya ni wa pili. Na mimi si Mama Thureya, wala si kiziwi! Nasikia vizuri kuliko nyote! Nilikuwa siitiki kwa sababu si jina langu. Mimi ni Mama Raiya, mtaa mzima unajua, muulizeni hata huyo mpishi! Mwanangu akili zake zinakwenda polepole, ndivyo Mungu alivyompa, na anayeona hilo ni la kumkimbiza na akimbie sasa hivi, viatu viko hapo mlangoni."

Kutoka uani ikasikika sauti ya Dorcas, peke yake, "Hapo sasa!"

Nikamtazama Swafwan, maana yeye ndiye angeamua. Alikuwa ameangalia chini kama kawaida yake. Akasogea mlangoni akaweka mdomo karibu na mbao.

"Dada Raiya," akasema, "shikamoo."

"Marahaba," ikajibu sauti ya ndani, imeridhika kabisa. "Mamako hajambo?"

"Hajambo, yupo hapa nami."

Tukasikia komeo likivutwa. Mwanamkuu alikuwa ametoa macho. "Umejuaje kuwa anangoja shikamoo?"

"Thureya aliniambia, Shangazi. Tangu mwanzo."

"Alikuambia lini? Simu nilimpokonya!"

Sauti ya bibi harusi ikatoka ndani, ya aibu. "Shangazi, ile uliyoipokonya ilikuwa mbovu."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikaegemea ukuta. Thureya alikuwa amemwambia kila kitu, na kijana alikuwa amebaki. Mlango ukafunguka kidogo, Swafwan akamwona mkewe, akanyanyua mguu aingie.

"Simama," akasema mamake.

Nikasema ndiyo hayo, yamekuja. Bi Rukiya alikuwa ameketi chini, juu ya viatu vya wageni, na buibui lake lililonyooka limekunjamana lote. Akanitazama mimi.

"Wewe si kiziwi?" akauliza.

"Sina hata dalili. Pole kwa masikio yako."

"Masikio yangu hayana kitu." Akafuta uso kwa kiganja. "Mimi pia nilikuwa sijui kuitika. Mimi si Mama Swafwan. Mambrui nzima mimi ni Mama Mbarak. Nina mtoto mkubwa, anaitwa Mbarak. Yuko hivyo, kama huyu wako. Dada zangu waliniambia mkimjua mtavunja posa. Waliwapitia watu nyumba kwa nyumba waniite Mama Swafwan. Mbarak tumempeleka Marereni, kwa mjomba wake anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Leo asubuhi alikataa kupanda gari. Alijua kuna harusi. Alikuwa ameshaoga."

Nami nikaketi juu ya viatu vile vile, kando yake, tukashikana na kulia, kisha tukakumbuka yale mafuta tuliyotumiana, tukacheka mpaka watu wakashindwa kujua wafanye nini nasi.

"Swafwan," akasema Bi Rukiya alipopata pumzi, "nenda kamlete nduguyo. Usimpe mkeo mkono kabla."

"Mama, sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Akatazama ule ufa wa mlango, akamtazama mamake, akageuka na kuondoka mbio. Sasa fikiria wewe ni mwanamume uliyeketi kwenye hema unangoja pilau. Unaona bwana harusi anatoka ndani mbio, joho limemkaa shingoni, jambia mkononi ili lisimgonge, anaruka ndani ya gari na kushika njia ya kaskazini. Maghrib haijaadhiniwa, mji mzima umeshajua bwana harusi wa kina Salmin katoroka. Wengine walisema kamkuta bibi harusi ana ndevu. Salmin alikuja ndani amekuwa rangi ya jivu. Nilipomweleza aliketi akanywa maji, kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona. Alimwendea dadake pale alipokuwa amejiinamia na kumwambia, "Dada, leo hata neno moja usiseme." Naye hakusema.

Waliporudi giza lilikuwa limeingia. Gari likasimama, vigelegele vikapaa, na akateremka mtu mnene mwenye joho jeusi la nyuzi za dhahabu, kilemba kimemwangukia sikioni. Wanawake wakamrushia asumini. Hakuwa Swafwan. Mbarak alikuwa ameliona joho kule Marereni na kukataa kuondoka bila kulivaa, kwa hiyo bwana harusi halisi alikuja nyuma na kanzu yake iliyolowa jasho, amebeba jambia na mfuko wa miwa ya kakake.

Mbarak akapita moja kwa moja mpaka mlango wa chumba. Raiya alikuwa zamu. Akamtazama usoni, akaona mvi mbili tatu kwenye ndevu, akajua huyu ni mkubwa wake.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba." Akapita, akaketi kando ya Thureya kwenye kiti cha bwana harusi na kumpa mkono. Thureya, mwanangu nimemlea, akaupokea kwa mikono miwili. Ilibidi Mbarak aahidiwe pilau ndipo akampisha mwenye mke.

Nje, dada mmoja wa Bi Rukiya akawa anamtafuta, akaita kwa woga, "Mama Swafwan?" Hakuna aliyejibu. Akajaribu tena, safari hii kwa sauti ya kweli. "Mama Mbarak!"

"Labeka!" akaitika Bi Rukiya kabla jina halijaisha. Wageni wengine walikuwa hawajui kilichotokea, wakashangaa kwa nini Dorcas na wale wazazi wote wa Alhamisi wanapiga makofi.

Watu walikula wakashiba, nyama ilitosha kumbe. Nilimwona Mwanamkuu amechuchumaa mbele ya Mbarak, viatu kavua, anamtolea mifupa kwenye nyama. Nilikuwa na neno la kumwambia, nikaliweka. Kuna siku tutagombana tena na nitalihitaji neno hilo.

Nilipokwenda jikoni nilimkuta Bi Rukiya ameketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, peke yake, anakwangua ukoko wa sufuria. Nikaketi sakafuni tukala pamoja kwa mkono mmoja mmoja. Nikamwuliza, "Mbarak anapenda kula nini?"

Akaacha kutafuna. "Wauliza kwa nini?"

"Atakuja hapa na nduguye. Nijue nipike nini."

Akautua ukoko sufuriani. Kisha akasema, "Watu huniuliza kama anapiga watu. Huniuliza kama anajikojolea, kama nimeshamwona mganga fulani, kama kuna mtu nilimkosea nikiwa na mimba yake. Huyu ana miaka mingi hapa duniani, Mama Raiya, na hilo sijaulizwa na mtu."

"Basi mimi nauliza."

Akajifuta macho kwa mkono wenye masizi, akajipaka uso mzima, akasogeza kibao karibu yangu. Alianza na samaki wa kupaka, asiwe changu kwa sababu ya miiba, na nazi iwe ya kukunwa nyumbani. Alipofika kwenye maandazi isha ilikuwa imeshasaliwa zamani, na alikuwa bado hajagusa habari ya vitamu.